Mtoto aliyemchagua kuku hakukosea

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la nne, Morogoro. Muhula huu nilitunga swali la "chagua neno lisilohusiana na mengine", nikaweka kunguru, njiwa, popo, kuku. Jibu langu lilikuwa popo, maana si ndege. Mtoto mmoja akachagua kuku na pembeni akaandika "wengine wote wanaruka". Nikampa kosa. Mama yake akaja shuleni, tukabishana mbele ya mwalimu mkuu, na hadi leo sijui haki ilikuwa ya nani. Tangu siku hiyo nimetunga maswali mengine kama ishirini, na kila nikilitazama moja naliona lina majibu mawili. Haya maswali hutungwaje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na linalokuuma: mrudishie mtoto alama yake. Hakubahatisha. Alitazama viumbe wanne, akaona watatu wana jambo ambalo wa nne hana, akalitaja kwa maneno matatu yaliyonyooka. Hicho ndicho ulichomwomba. Kasoro iko kwenye swali, na usijione mzembe kwa hilo. Nimetunga chemshabongo za gazetini kwa miaka kumi na moja, na nikisoma za mwaka wa kwanza natamani kuzifukia.

Tatizo letu wengi ni kwamba tumelelewa na vitendawili. Kwenye kitendawili anayetega ana mamlaka yote. Akisema "nyumba yangu haina mlango", jibu ni yai. Ukija na jingine hata liwe na akili namna gani atakwambia umeshindwa, nipe mji. Nawe unampa mji, anautembelea kwa maneno, kisha anakutegulia. Tukaingia kwenye maswali ya neno lisilohusiana na kiburi kilekile cha mtegaji. Lakini hapa hakuna mji wa kudai. Mjibuji ana haki ya kubishana, kwa sababu umemwambia atafute sababu, na sababu haina mwenyewe.

Mimi huyaita maneno yanayofanana wenyeji, na lile lililotengwa mgeni. Kosa la kwanza la kila mtunzi, nami nililifanya miaka, ni kuanza na mgeni. Unamkumbuka popo, unafurahi kwamba ana mabawa na si ndege, kisha unamtafutia ndege watatu wowote wa kumzunguka. Hao ndege umewaokota tu. Kunguru kwa sababu yupo juu ya paa la darasa, njiwa kwa sababu anakuja haraka kichwani, kuku kwa sababu kuku haachi kuja. Kumbe swali zima linakaa mabegani mwao. Anza na kamba inayowafunga wenyeji, uiandike kwenye karatasi kabla hujaandika neno lolote.

Nikuoneshe moja nilivyolijenga. Kamba: madume ya mifugo. Wenyeji: beberu, fahali, jogoo. Sasa ndiyo namtafuta mgeni, na simtafuti mbali. Nikiweka "meza" hapo nitakuwa nimeuliza swali la chekechea. Mgeni lazima akae karibu kabisa na mlango: awe mfugo, awe mkubwa na si kinda, awe na jina lake maalumu kama hao wengine. Nikapata mtetea. Beberu, fahali, jogoo, mtetea. Angalia kilichotokea bila hata kukusudia: wawili wana miguu minne, wawili wana mabawa. Mjibuji ataona hilo kwanza, atakwama hapo, mbili kwa mbili, hakuna wa kumtoa. Akishakwama ndipo atakapofikiri, na akifikiri atalikuta jibu. Mgawanyiko wa mbili kwa mbili haukudhuru kamwe. Ni vumbi zuri la kumrushia mtu machoni. Kinachodhuru ni tatu kwa moja iliyo tofauti na yako.

Na hiyo tatu kwa moja inatafutwa kwa kazi ya mikono. Una maneno manne. Funika moja kwa kidole, jiulize matatu yaliyobaki yanafungwa na nini. Rudia kwa kila neno. Ni mara nne tu, dakika tano, na wengi hawafanyi. Tulifanyie swali lako. Nikimfunika popo: kunguru, njiwa, kuku, wote ndege. Kamba nzuri. Nikimfunika kunguru: njiwa, popo, kuku... sioni kitu. Nikimfunika njiwa: kunguru, popo, kuku, sioni. Nikimfunika kuku: kunguru, njiwa, popo, wote huruka wakavuka mji. Hiyo nayo ni kamba, tena imekaza kama ya kwanza. Hapo ndipo swali lilipovunjika. Ukikuta kamba ya pili yenye nguvu sawa, swali halirekebishiki kwa maelezo wala kwa kupandisha sauti mbele ya mwalimu mkuu. Badilisha neno.

Hapa kuna kipimo ambacho ningetamani kila mtunzi akibandike ukutani: kamba isiwe na "si" wala "ha-". "Hawafugwi" si kamba. Jiwe halifugwi, simba hafugwi, Jumatano haifugwi. Ukianza kukubali sababu za kukanusha, kila neno duniani litakuwa mgeni wa kitu fulani. Kwa hiyo ukimtoa kuku kwenye orodha, kisha mtoto akakwambia "njiwa, kwa sababu hao wengine hawafugwi", mwambie kwa upole aitaje kwa jina kitu ambacho hao wengine ni. Akishindwa, hana kamba. Yule wako wa kuku hakushindwa, alisema wanaruka. Tena nikukumbushe kwamba ni wewe uliyeniandikia "popo si ndege". Sema "hawa watatu ni ndege". Unaposema kwa kukubali, udhaifu wa kamba huonekana wenyewe.

Kulirekebisha sasa. Mwondoe kuku, mlete shomoro: kunguru, njiwa, popo, shomoro. Wote wanaruka. Ila njiwa bado ananikera kidogo, maana mtoto anaweza kusema "njiwa ana nyumba yake kwa watu". Ninachofanya kwa kawaida ni kuongeza mwenyeji wa nne. Kunguru, mwewe, njiwa, popo, shomoro. Ukiwa na maneno manne, kamba pinzani inahitaji kufunga matatu tu, na matatu hufungika kwa bahati mbaya kirahisi sana. Ukiwa na matano inabidi ifunge manne, na bahati mbaya za namna hiyo ni chache. Ndiyo maana mafumbo yangu ya watu wazima yana matano karibu yote. Kwa darasa la nne manne yanatosha iwapo umeyapitisha kwenye kidole.

(Ukienda Pemba na swali la popo jiandae kwa masimulizi. Kule kuna popo mkubwa wa matunda anayepatikana kisiwa hicho tu, na zamani aliliwa sana hadi akakaribia kutoweka kabla watu hawajaanza kumlinda. Mzee mmoja aliwahi kunijibu kwamba neno lisilohusiana ni kunguru, kwa kuwa "hao wengine ni kitoweo".)

Yule mzee hakuwa anatania, na hili ni jambo ambalo wasomi walilichunguza zamani. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan na maeneo ya jirani akiwaonesha wakulima wasiosoma michoro ya vitu vinne: nyundo, msumeno, gogo na shoka. Alitaka waseme gogo, maana vingine ni zana. Wengi wakakataa kutoa chochote. Msumeno utakata gogo, shoka litapasua, nyundo nayo ina kazi yake. Ukiliondoa gogo, hizo zana zitafanya kazi juu ya nini? Akawaambia kuna mtu mwingine amesema nyundo, msumeno na shoka vinafanana. Wakamshangaa mtu huyo. Matokeo yalikaa kabatini hadi 1974 ndipo yakachapishwa.

Na miaka ya 1960 watafiti wa Kimarekani walikuwa Liberia kwa Wakpelle, wakiwapa vitu wavipange kwa makundi. Wakulima wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, wakasema hivyo ndivyo mtu mwenye akili angepanga. Mtafiti alipochoka akauliza: na mpumbavu angepangaje? Wakapanga mara moja vyakula huku, zana kule, sawasawa na kitabu cha mtafiti kilivyotaka.

Nakisimulia kisa hicho kila ninapopewa nafasi, kwa sababu kinaniweka mahali pangu. Kupanga vitu kwa aina ni desturi ya shule. Kuvipanga kwa kazi ni desturi ya jikoni na shambani, na haipungukiwi na chochote. Mtoto wa darasa la nne bado ana miguu pande zote mbili. Anaposoma jembe, panga, shoka, muhogo, wewe unaona zana tatu na chakula kimoja. Yeye anaweza kumwona bibi yake shambani na asione cha kutoa. Kama unataka aina, mwambie unataka aina. "Lipi si jina la zana?" ni swali zuri kuliko "lipi halihusiani?", maana kuhusiana kila kitu kinahusiana.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa tuna utajiri ambao wanaotunga kwa kuiga vitabu vya kigeni hawaugusi.

Kwanza ngeli. Ngeli ni mlinzi wako na ni mchongezi wako. Ukiandika kijiko, kikombe, kisu, sufuria, jicho la mtoto litaruka juu ya sufuria kabla hajasoma maana, kwa sababu haina ki-. Hata kama wewe ulikuwa na jambo lako jingine kuhusu kisu, umeshampoteza. Kwa hiyo mvishe mgeni nguo za wenyeji. Ukitaka kupima maana, maneno yote yawe na umbo moja. Ukitaka kupima ngeli, fanya kinyume: changanya maana, umbo lifanane. Kikombe, kinyonga, kipepeo, kiroboto: wote ki-, wote vi- kwa wingi, lakini kikombe kinavunjika na hao wengine *wana*tembea. Mwanafunzi atakayekwambia "hao watatu ni wanyama" kapata. Atakayekwambia "hao watatu huchukua a- na wa-" kapata zaidi, na mwongezee.

Pili, maneno yenye sura mbili. Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Tazama haya: kiti, meza, paa, paka. Mjibuji anaona fanicha mbili, wanyama wawili. Anakuna kichwa. Anajaribu paa la nyumba, anaona halimfikishi. Jibu ni kiti, kwa sababu hayo mengine ukiyageuza ni vitenzi: meza dawa, paa angani, paka rangi. Hakuna kitenzi kiti. Nilipolitoa gazetini msomaji mmoja akaniandikia kwamba alilipata bila kufikiri, kwa kuwa kiti pekee hakiishii na a. Nilikereka siku mbili, kisha nikaelewa kwamba hakuharibu kitu. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia na a. Tofauti aliyoiona ni kivuli cha tofauti niliyoikusudia. Sababu ya pili inayomwonesha mgeni yuleyule si hatari, ni shahidi. Hatari ni sababu ya pili inayomwonesha mtu mwingine.

Nyingine ninayoipenda: kinu, kondoo, mbuzi, upawa. Mtu wa pwani anacheka papo hapo. Wa bara anaweza kukaa nalo mchana kutwa akiona wanyama wawili na vyombo viwili, mpaka akumbuke kwamba nazi hukunwa kwa mbuzi. Kondoo ndiye mgeni. Lakini angalia: ukiliweka neno hilo ndani ya sentensi umelichoma. "Mbuzi ya" ni chombo, "mbuzi wa" ni mnyama, kiambishi kitakusaliti. Maneno yenye sura mbili yaachwe uchi, bila kivumishi, bila chochote.

Tatu, asili ya maneno, na hapa nina onyo. Nane, saba, sita, tisa. Huyu ni mtoto wangu mpendwa. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Nane ni ya Kibantu. Na sarufi inaikumbuka tofauti hiyo hata sisi tukiisahau: tunasema watu wanane, lakini watu sita, watu saba, watu tisa, hazikubali kiambishi. Asili na sarufi zinaelekeza kidole mahali pamoja. Juu ya hapo kuna vumbi la bure: sita na nane ni shufwa, saba na tisa ni witiri, mbili kwa mbili. Nililiona halina doa. Nikampa mwalimu mwenzangu wa hisabati, akatazama kama sekunde tatu akasema "saba". Kwa nini? "Sita ni mbili mara tatu, nane ni mbili mara nne, tisa ni tatu mara tatu. Saba haigawanyiki." Na kamba yake haina "si": hizo tatu *zinagawanyika*. Nilikuwa nimefungwa bao nyumbani kwangu.

Sikulitupa. Nililitoa chini ya kichwa "Sarufi", na hapo lina jibu moja. Swali lilelile kwenye karatasi ya hisabati lina jibu jingine. Kwa hiyo uwanja unaochezea ni sehemu ya swali, utaje. Na kama utalitumia, usimweke kumi badala ya nane. Kumi nayo ni ya Kibantu, lakini tunasema watu kumi, haina kiambishi. Asili itasema ni mgeni, sarufi itasema ni mwenyeji, nawe utakuwa katikati.

Nne, herufi na sauti zenyewe. Kwa watoto wakubwa kidogo, ficha neno ndani ya neno: mkakati, mkutano, sababu, sitara. Macho yataona mk- mbili na s- mbili. Ndani yake kuna tano, saba, sita. Mkakati haukuficha namba. Au maneno yanayosomeka sawa mbele na nyuma. Niliwahi kuandika ada, aga, apa, ona, jibu likiwa ona, nikasahau kwamba ada ni nomino na hayo mengine ni vitenzi. Kidole kingeniokoa. Weka asa (la kuwaasa vijana, ambalo magazeti hayawezi kuishi bila hilo) mahali pa ada, na limepona.

Suala la nani anajua nini halina ujanja. Dafu, kitale, koroma, tui: mtoto wa Tanga aliyekulia chini ya mnazi atakwambia tui, kwa kuwa hayo mengine ni hatua za kukua kwa nazi. Mtoto wako wa Morogoro mjini huenda anajua dafu la barabarani na tui la jikoni, basi. Hapo hupimi akili, unapima alikozaliwa. Vilevile ukitunga kwa ajili ya watu wa pande mbili za mpaka: choroko za Tanzania Kenya ni ndengu, na dengu zetu ni kitu kingine. Nimewahi kupata barua za hasira kutoka Mombasa kwa ajili ya kunde na wenzake, na walikuwa na haki.

Maswali ya miji na viongozi nayaepuka kwa sababu yanachacha. Bujumbura, Kampala, Kigali, Mombasa lilikuwa swali safi, jibu Mombasa, miji mingine yote mikuu ya nchi. Mwaka 2019 Burundi ikauhamishia Gitega mji mkuu wake wa kisiasa, na swali likafa bila mtu kuligusa. Kama lazima utumie jiografia, tumia ile isiyohamishwa na bunge.

Umeandika kwamba maswali yako ishirini yote unayaona yana majibu mawili. Nikufurahishe: unaweza kulifanya hilo liwe ndilo fumbo. Kuna aina moja ngumu ambayo kila neno ni mgeni kwa sababu yake, isipokuwa moja tu. Hilo moja, kwa kuwa halina upekee wowote, ndilo pekee la namna yake. Nilipojaribu kuitunga kwa Kiswahili nilianza na chakula, kalamu, kikapu, kinyonga, kiti. Chakula peke yake hakianzi na k. Kalamu peke yake haichukui vi- wala vy- kwa wingi. Kinyonga peke yake ana roho. Kiti peke yake kina silabi mbili, mengine tatu. Kikapu hakina lolote: kinaanza na k, wingi wake vikapu, silabi tatu, hakipumui. Nilijisifu jioni nzima. Asubuhi mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, akaikuta karatasi mezani.

"Mjomba, kikapu ndicho kina k mbili."

Akaenda zake kunywa chai. Nilikaa na lile fumbo siku nne. Sasa mahali pa kikapu pana kitanda, na tangu hapo sijapata wa kukipinga, ingawa sitashangaa akitokea. Halifai kwa mtihani. Linafaa kwa Ijumaa mchana wakati akili za watoto zimeshakwenda nyumbani.

Mambo mawili madogo ya karatasi ya mtihani. Panga maneno kwa alfabeti siku zote. Watunzi tuna mkono mzito: tunapenda kumficha mgeni nafasi ya tatu, na watoto wajanja hulijua hilo kabla ya sisi wenyewe. Ukimwachia alfabeti, lawama si zako. La pili, acha mstari mmoja wa "kwa sababu" na ugawe alama mbili, moja ya neno na moja ya sababu. Ukiletewa neno usilolitegemea na sababu yenye kamba isiyo na "si", toa zote mbili. Kwenye mitihani ya kuchagua herufi tu hakuna mstari huo, na ndiyo maana kule lazima kidole kipite mara mbili, kisha swali liende kwa mtu mwingine ambaye hajaambiwa jibu. Mtu huyo asiwe mwalimu wa somo lako. Mimi humpa fundi cherehani wa jirani, kwa sababu ni mbishi na hana haraka.

Kuhusu hayo ishirini, usiyachome. Andika moja ubaoni kesho, hilo la kunguru, njiwa, popo na kuku likiwa la kwanza. Gawa darasa pande nne, kila upande upewe neno lake la kulitetea kuwa ndilo mgeni, dakika tano za kushauriana, na sheria moja tu: hakuna kukanusha. Utaona upande wa kunguru na wa njiwa wakihangaika na mwisho kuinua mikono, na hapo watakuwa wamejifunza kamba ni nini bila wewe kuwaeleza. Upande wa popo na wa kuku ndio watakaobishana. Wa kwanza kupewa chaki awe yule mtoto.